Namna ya kuchagua muvi yako moja ya Hitchcock

Alfred Hitchcock katengeneza muvi zaidi ya 50, kuanzia enzi za picha zisizo na sauti miaka ya 1920 mpaka ya mwisho mwaka 1976, na ukimuuliza mtu anaipenda ipi mara nyingi anajibu haraka haraka Psycho, wakati mwingine hata hajaiangalia yote, kaona tu kile kipande cha bafuni kinachozunguka mitandaoni. Mimi namhesabu huyu mzee kama mwalimu wa karibu kila dairekta anayejua kumweka mtu roho juu, na naamini anayependa muvi anatakiwa awe na moja ya kwake ya Hitchcock, ambayo akiulizwa kwanini hiyo anaweza kujieleza bila kubabaika. Huu mwongozo ni wa kuipata hiyo moja. Miisho sitaitaja ili nisiwamalizie uhondo, ila vipande vya katikati nitavieleza maana bila hivyo hatutaelewana.

Cha kwanza achana na orodha za muvi bora. Kuna jarida la Uingereza linaitwa Sight and Sound, kila baada ya miaka 10 linawauliza wachambuzi muvi bora ya wakati wote ni ipi, na mwaka 2012 Vertigo ya Hitchcock ilishika namba moja ikaing'oa Citizen Kane iliyokuwa imekalia kiti hicho tangu 1962, alafu 2022 ikashuka namba mbili. Heshima kubwa na inastahili. Shida ni kwamba mgeni akiona hivyo anaanza na hiyo hiyo Vertigo, picha linaanza, jamaa anamfuatilia mwanamke kwa gari kwenye mitaa ya San Francisco, milima inapandwa milima inashukwa, maneno hakuna, dakika ya 40 mtu kachoka kazima kaenda kulala na kesho anakwambia Hitchcock kazidishiwa sifa. Orodha inakuonyesha wachambuzi wanaheshimu nini, haikujui wewe unaogopa nini, na kwa Hitchcock hilo la unaogopa nini ndo kila kitu.

Kabla hujaanza kuangalia elewa anavyocheza na akili yako. Mwaka 1962 dairekta wa Kifaransa François Truffaut alikaa naye siku kadhaa wakaongea kuhusu muvi zake zote moja baada ya nyingine, mazungumzo yale yakatoka kitabu mwaka 1966, na humo kuna mfano wa bomu ambao kila mpenzi wa muvi anapaswa kuujua. Watu wawili wamekaa mezani wanapiga stori za kawaida kabisa, chini ya meza kuna bomu. Kama wewe mtazamaji hujui, litalipuka utashtuka sekunde 15 basi imeisha. Lakini kama ulimuona mtu akilitega, na unajua litalipuka saa saba kamili, na ukutani kuna saa inasoma saa saba kasoro robo, basi zile stori zao zisizo na maana zinageuka kuwa mateso, unatamani uwapigie kelele waache upuuzi wakimbie, na hapo kakupa dakika 15 nzima badala ya sekunde 15. Kwahiyo usimpime Hitchcock kwa kusema "mi nilishajua muuaji nani", mara nyingi kakwambia mwenyewe makusudi, tena mapema. Mpime kwa jinsi unavyokaa kwenye kiti baada ya kujua.

Na usihangaike sana kuuliza majasusi wa kwenye muvi zake wanatafuta nini hasa. Kile kitu wanachogombania, nyaraka au siri au sijui nini, yeye alikiita MacGuffin na alisema wazi kwamba kwa mtazamaji hakina umuhimu wowote. Kwenye North by Northwest mtu anauliza yule adui anauza nini anajibiwa siri za serikali, imetoka hiyo, muvi inaendelea.

Sasa kuangalia. Huhitaji zote 50, zinatosha sita, na mpangilio una maana. Anza na Rear Window ya 1954. Mpiga picha wa magazeti kavunjika mguu, kafungwa plasta mpaka kiunoni, yuko kwenye kiti cha magurudumu mbele ya dirisha, joto kali, kazi yake kutwa kucha ni kuchungulia majirani wa upande wa pili wa ua, mpaka anaanza kuhisi jirani mmoja kamuua mkewe. Ule ua wote na majumba yake ulijengwa ndani ya studio ya Paramount, apatimenti 31, na karibu muda wote kamera haitoki kwenye chumba cha yule mgonjwa, unaona anachoona yeye basi. Kuna sehemu mchumba wake, ameigiza Grace Kelly, kajipenyeza kwenye nyumba ya yule jirani na jirani kamkuta humo humo. Polisi wanaingia kumuokoa, na yeye akiwa kasimama anaficha mikono nyuma ya mgongo na kwa kidole anaonyesha upande wetu pete ya ndoa ya yule mke, kaivaa. Jirani anaona kidole kinachezacheza. Anafuata uelekeo wake. Alafu anainua macho taratibu anaangalia moja kwa moja kwenye kamera, yaani anakuangalia wewe. Muvi nzima ulikuwa umekaa salama unachungulia maisha ya watu na sasa umeonekana. Kama hapo hujasikia baridi mgongoni basi pengine Hitchcock wa kuchungulia sio wako, na hilo nalo ni jibu, endelea mbele.

Ya pili weka North by Northwest, 1959, kwa ajili ya kasi na raha. Mtu wa matangazo kule New York, Cary Grant, anafananishwa na jasusi na kuanzia hapo hana usingizi. Kile kipande cha ndege unakijua hata kama hujui unakijua, ila kiangalie vizuri kinavyoanza: kashushwa na basi kwenye njia panda katikati ya mashamba makavu, jua la mchana, hakuna hata mti wa kujificha. Kwa dakika kadhaa hakuna kinachotokea, gari linapita, jingine linapita, hakuna muziki. Anashushwa jamaa mwingine upande wa pili wa barabara, wanaangaliana, kumbe anasubiri basi tu, na kabla hajapanda anasema ile ndege pale inapulizia dawa mahali pasipo na mazao. Basi linaondoka naye. Wengine wote wangempeleka shujaa kwenye uchochoro usiku, mvua, paka mweusi, Hitchcock kasema hapana, mchana kweupe na uwanja mtupu, na inatisha zaidi maana hakuna pa kwenda. Muziki unasubiri mpaka ndege imegonga ndo unaingia.

Ya tatu ni Shadow of a Doubt ya 1943, na hapa nawaomba msiikimbie kwa sababu ni ya zamani na haina rangi. Hii inamgusa yeyote aliyekulia kwenye familia kubwa. Mdogo wake mama, mjomba Charlie, anakuja kukaa nyumbani kwa dada yake kwenye mji mdogo wa Santa Rosa huko California, kaja na zawadi, mama anafurahi mpaka analia, na binti mkubwa ambaye kapewa jina la mjomba wake anamuona kama mkombozi. Alafu taratibu yule binti anaanza kuhisi mjomba ana mambo. Na nani wa kumwambia? Ukimwambia mama utamuua kwa majonzi, na mjomba anajua hilo, analitumia. Kuna siku wako mezani wanakula, mjomba anaanza kuongelea wajane matajiri wa mijini wanaokula na kunywa pesa walizoachiwa na waume zao, kamera inamsogelea pole pole uso wake ukiwa umeelekea pembeni, sauti haipandi wala haishuki, binti anamkatiza kwamba wale nao ni watu, ni binadamu, ndo mjomba anageuka anaikazia macho kamera anauliza, kweli ni binadamu? Joseph Cotten kaigiza hapo mpaka leo sijaona muovu wa muvi aliyenitisha kwa utulivu kama ule. Sehemu kubwa ya picha za nje walienda kupiga Santa Rosa kwenyewe, ndo maana nyumba na mitaa inaonekana ya watu kweli wanaoishi.

Ya nne Notorious, 1946, nitairudia chini. Ya tano Psycho ya 1960, na hii nakuomba uiangalie kama vile hujawahi kusikia lolote, zima simu, mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, maana mwenyewe wakati inatoka alitaka majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia ikishaanza. Aliitengeneza kwa bajeti ya dola kama laki nane, kwa kutumia timu ya kipindi chake cha televisheni, bila rangi, na ile damu ya bafuni ni sosi ya chokoleti. Ya sita ndo sasa Vertigo, 1958. Ukifika huku umeshazoea mkono wake, umeshamuona James Stewart kwenye Rear Window akiwa mtu wa kupendeka, na ndo itakuuma kumuona Stewart huyo huyo anageuka kuwa mtu wa kumlazimisha mwanamke abadilishe nguo, abadilishe rangi ya nywele, mpaka afanane na mwanamke mwingine aliyekwishapotea. Ukianza nayo hii unaona upole tu. Ukimalizia nayo unaona mtu anaungua.

Angalizo la muhimu kabla hujatumia bando lako: kagua mwaka. Kuna Psycho ya 1998 ambayo ni ya Gus Van Sant, kaigiza upya karibu kila sini ya ile ya kwanza. Kuna Rebecca ya 2020, sio ya Hitchcock, yake ni ya 1940. The Man Who Knew Too Much zipo mbili na zote ni zake, ya 1934 aliyoifanyia Uingereza na ya 1956 aliyoifanyia Marekani. Ukishusha ya 1998 ukaichukia usije ukamlaumu marehemu.

Kuhusu lugha usiogope. Sabtaito za Kiswahili kwa muvi zake ni shida kupata, lakini huyu mtu alianzia kwenye picha bubu, The Lodger ilitoka 1927 haina sauti, na Blackmail ya 1929 ilikuwepo ya bubu na ya sauti pia, kwahiyo tangu ujana alizoea kukueleza jambo kwa picha kabla ya mdomo. Mwanzo wa Rear Window hakuna anayekwambia jamaa ni nani, kamera inapita tu kwenye plasta, kwenye kamera iliyovunjika, kwenye picha ya gari la mashindano linalopaa kuja usoni, umeshaelewa alivunjikaje na anafanya kazi gani, neno halijasemwa. Mtu ambaye Kiingereza kinamkimbia anaweza kukaa na muvi hii akafuata vizuri kuliko muvi nyingi za leo ambazo watu wanaongea tu.

Na hilo linatupa jaribio zuri. Chukua sini uliyoipenda, izime sauti, iangalie tena. Kama bado inakushika basi wewe ni mtu wa macho na muvi yako inaelekea kuwa Rear Window, Notorious au Strangers on a Train. Kama imekufa, wewe unashikwa na sikio, na hapo ujue unampenda Hitchcock pamoja na Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa Vertigo, North by Northwest na Psycho. Kwenye Psycho Herrmann alitumia vyombo vya nyuzi peke yake, na Hitchcock mwanzoni alitaka ile sini ya bafuni isiwe na muziki kabisa, Herrmann akaandika hivyo hivyo, alivyomsikilizisha mzee akabadilisha mawazo. Izime sauti uone, zinabaki picha za haraka haraka za kisu na maji. Mtu wa sikio pia asikose The Man Who Knew Too Much ya 1956, kuna kama dakika 12 ndani ya ukumbi wa Royal Albert Hall hakuna mazungumzo yanayosikika hata neno, okestra inapiga tu, na wewe unajua kwamba matoazi yakigongwa ndo risasi itatoka, na mama wa yule mtoto aliyetekwa naye anajua, kasimama pale analia. Ni lile bomu la chini ya meza, ila saa yake ni muziki. Na ya ajabu kwenye upande wa sauti ni The Birds ya 1963, haina muziki wa kutungwa wa kusindikiza kabisa, ni milio ya ndege, mingi imetengenezwa kwa chombo cha umeme.

Swali ambalo mimi naliona ndo kubwa kuliko yote, jiulize baada ya kila muvi: kaniweka upande wa nani? Kwa sababu Hitchcock hakuachi ukae pembeni kama mtazamaji tu, anakukabidhi nafasi, na muvi utakayoipenda kuliko zote ni ile ambayo nafasi uliyopewa inakuhusu.

Kuna nafasi ya aliyesingiziwa. The 39 Steps, The Wrong Man, North by Northwest, zote ni mtu ambaye hajafanya kitu na dunia nzima inamtafuta. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba akiwa mtoto mdogo baba yake alimtuma kituo cha polisi na kikaratasi, polisi akakisoma akamfungia selo dakika chache, akamwambia hivi ndo tunavyowafanya watoto wakorofi. Alisema hofu ya polisi haikumtoka maisha yake yote. Kama umewahi kusimamishwa usiku ukaulizwa maswali wakati huna kosa, hizi zitakuingia, na hasa The Wrong Man ya 1956 ambayo ni stori ya kweli ya mwanamuziki wa New York aliyekamatwa kwa kufanana na jambazi, ndani yake hakuna mzaha hata kidogo.

Kuna nafasi ya anayempenda mtu ambaye anamshuku. Suspicion ya 1941, mke anaanza kuamini mumewe anataka kumuua, na kuna usiku mume anampandishia glasi ya maziwa ngazini, nyumba giza, glasi inang'aa kupita kawaida, kumbe Hitchcock aliweka taa ndani ya maziwa ili macho yako yasiende pengine popote. Na mume mwenyewe ni huyo huyo Cary Grant ambaye wanawake wa Marekani walikuwa wanamuota. Joan Fontaine, aliyeigiza mke, alipata Oscar kwa hii.

Alafu kuna nafasi ambayo watu wengi wakiigundua wanakosa amani, nafasi ya muovu. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona ndo alipowazidi wenzake wote. Kwenye Psycho, kijana anayeendesha hoteli, baada ya kusafisha kwa umakini mkubwa bafu alimouawa mgeni mwanamke, anaisukuma gari kwenye kinamasi ili izame na ushahidi wote. Inazama, inazama, alafu inasimama. Paa bado liko juu. Kijana anaangalia huku na huku anatafunatafuna, na wewe hapo ulipo umeshika pumzi unaomba izame! Dakika chache zilizopita ulikuwa unamlilia aliyekufa. Strangers on a Train, 1951, muovu Bruno anataka kwenda kuweka kiberiti cha gesi mahali pa tukio ili kumtia hatiani asiyehusika, kinamdondokea kwenye mtaro wa barabarani, ananyoosha mkono kwenye zile nondo, vidole vinakigusa kinateleza kwenda chini zaidi, na utajikuta unamsaidia kunyoosha. Frenzy ya 1972 muuaji yuko nyuma ya lori la viazi usiku anapekua magunia kutafuta pini yake ya tai kwenye mkono wa maiti, kidole kwa kidole, na huwezi kuacha kutaka aipate. Hakuna anayekulazimisha. Kama hisia hii inakuvutia kuliko kukukera, acha kutafuta, yako iko kati ya hizo tatu.

Baada ya hapo rudia. Ambayo umeipenda mara ya kwanza iangalie mara ya pili ukiwa unajua kila kitu, na isipungue. Hitchcock yuko sawa sana kwenye hili, mfano kitabu kilichozaa Vertigo kilitunza siri mpaka mwisho lakini yeye kwenye muvi kaamua kuitoa mapema, bado muda mrefu kabla ya mwisho, watu waliomzunguka wakapinga, na ndo kilichoiokoa, maana kuanzia hapo huulizi tena nini kinatokea, unauliza huyu jamaa akijua itakuwaje. Ukirudia Psycho sikiliza yale maongezi ya sebuleni, kijana wa hoteli na mgeni wake wamezungukwa na ndege waliokaushwa, kila sentensi ya yule kijana ina maana nyingine. Muvi ambayo mara ya pili inakuwa nzito kuliko ya kwanza, hiyo ni mgombea. Ile uliyoipenda kwa mshtuko tu itajitoa yenyewe.

Kuna jambo pia la kuweka wazi maana ukisoma kidogo utakutana nalo. Tippi Hedren, staa wa The Birds na Marnie, kwenye kitabu cha maisha yake cha mwaka 2016 kaandika kwamba Hitchcock alimsumbua kimapenzi na alimdhalilisha. Wapo wanaoangalia zile muvi mbili wakiwa na hilo kichwani na wanashindwa kuzipenda, mimi nawaelewa kabisa, Marnie hasa naiangalia kwa taabu. Ni haki yako kuliweka kwenye mizani unapochagua. Na wakati huo huo kumbuka kazi haikuwa ya mtu mmoja, mkewe Alma Reville alikuwa mhariri wa picha kabla hata hawajaoana, aliandika skripti, na inasimuliwa kwamba yeye ndo aliyeona kwenye Psycho karibu kutoka kwamba yule mwanamke aliyekufa bafuni bado anaonekana kumeza mate au kupumua, wengine wote walipita bila kuona.

Yangu mimi ni Notorious, na nitasema kwanini ili uone jinsi mtu anavyoweza kuitetea yake. Baba yake Alicia kafungwa kwa kuwafanyia ujasusi Wanazi, serikali ya Marekani inamtuma yeye Rio de Janeiro akajiingize kwa rafiki wa zamani wa baba yake, Sebastian, ambaye aliwahi kumpenda. Mtu wa serikali anayemtuma, Devlin, ni mwanaume ambaye Alicia anampenda na yeye anampenda ila hasemi, kazi kwanza. Sebastian anataka kumuoa, Alicia anamuangalia Devlin amwambie usifanye, Devlin ananyamaza. Anaolewa. Yaani muvi nzima ni watu wawili wanaoumizana kwa kutokusema sentensi moja. Na muovu Sebastian, ameigiza Claude Rains, ndo anayempenda waziwazi, anampa kila kitu, huwezi kumchukia vizuri.

Kwenye ile sherehe nyumbani kwao kamera inaanzia juu kabisa, unaona ukumbi wote, mataa, wageni, alafu inashuka bila kukatwa, inashuka, inashuka mpaka inabaki ngumi moja ya Alicia na ndani yake funguo ya stoo ya mvinyo aliyomuibia mumewe. Ukumbi mzima wa watu na maisha yake yote yako kwenye kiganja. Na saa ya bomu hapa ni shampeni: chupa kwenye barafu zinapungua, zikiisha Sebastian atataka kwenda stoo kuongeza na ataona funguo haipo, kwahiyo kila mgeni anayeinua glasi unatamani umnyang'anye. Hitchcock mwenyewe anapita humo sekunde chache tu, ananyanyua glasi anakunywa anaondoka, naye kazipunguza. Zile ngazi za mwisho sisemi, nasema tu ni watu wanne wanashuka taratibu, hakuna risasi inayopigwa, na sijaona mapigano ya bunduki yanayoikaribia. Nimeirudia mara nyingi na kila nikirudia namhurumia zaidi Sebastian, kitu ambacho mara ya kwanza sikukitegemea.

Wewe ukikwama kati ya mbili fanya hivi, usijilazimishe siku hiyo. Subiri wiki ipite, alafu jiulize ni sini ipi imekurudia yenyewe ukiwa kwenye daladala au unaosha vyombo. Bado zinalingana? Weka ya kwanza, angalia dakika kumi za mwanzo, zima, weka ya pili dakika kumi. Ile inayokushinda kuzima ndo yenyewe. Na chagua ukiwa umeziangalia moja peke yako na nyingine na watu, maana The Lady Vanishes ya 1938 kwa mfano ukiwa na watu mnacheka sana, ukiwa peke yako inakuwa ya kawaida, wakati Vertigo na watu wanaopiga stori inaharibika kabisa.

Ukishaipata yako una pa kwenda. Kama ni Rear Window tafuta Rope ya 1948, chumba kimoja, maiti iko ndani ya sanduku na chakula cha wageni kimepangwa juu yake, kamera inaenda mpaka karibu dakika 10 bila kukata. Kama ni North by Northwest rudi nyuma kwenye The 39 Steps ya 1935, utakuta mbegu yake yote iko pale, tena wale wawili wamefungwa pingu moja. Wa Shadow of a Doubt waende Strangers on a Train, wa Psycho waende Frenzy lakini wajiandae maana ni kali na ina ukatili wa wazi, wa Notorious wenzangu waende Rebecca, ndo muvi pekee ya Hitchcock iliyochukua Oscar ya muvi bora ingawa yeye kama dairekta aliteuliwa mara tano na hakushinda hata moja. Na wa Vertigo, rudieni Vertigo.